Harusi Mbili za Alkhamisi

Al Khoudh nzima, pembezoni mwa Maskat, ilijua kwamba karamu ikipikwa na Bi Muhsina, mwenye shughuli hulala usingizi. Si kwamba biriani lake lilishinda la wengine. Walikuwapo wapishi wenye mkono mzuri kuliko wake, na yeye mwenyewe akikiri hivyo. Alichokuwa nacho ni mpango. Wageni wakikaa baada ya sala ya adhuhuri, sinia ya kwanza hutua mbele yao kabla hawajamaliza kuulizana hali, na ya mwisho hutua ingali inafuka.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskat na wazee wake akiwa na miaka kumi na mitano. Mumewe, Maan, alipofariki mwaka wa tisini na nne, alianza kukaanga sambusa na kababu jikoni kwake na kuwauzia wanafunzi wa chuo kikuu walipokuwa wakishuka kwenye mabasi. Miaka minne baadaye akahudhuria mafunzo ya wiki mbili ya wanawake wenye biashara ndogo. Wenzake walitoka mle na vyeti. Yeye alitoka na daftari lililojaa hadi jalada. Mwalimu aliwataka waandike mambo matatu ambayo hawatayafanya hata wakibembelezwa vipi, na Muhsina akaandika kwa Kiarabu, kwa herufi kubwa: Sipiki karamu mbili siku moja. Chakula hakikai zaidi ya saa mbili nje ya moto. Sitoi sufuria nisiyoionja. Alipofungua jiko lake la kwanza, karatasi ile aliitundika ukutani, juu ya sinki.

Wanawake waliotaka kuanza biashara zao wakija kumuuliza, na yeye hakuwa mchoyo wa alichojua.

"Nenda kwanza ukapaone pahala pa karamu," akiwaambia. "Tazama bomba la maji liko wapi, mlango una upana gani, gari litasimama wapi. Pahala usipopajua patakutia aibu. Na kila shughuli uweke mtu mmoja asiye na kazi."

"Asiye na kazi, Bi Muhsina? Akae tu?"

"Akae tu. Lazima kitu kitaharibika. Kikiharibika, hiyo ndiyo kazi yake."

Kufika mwaka wa elfu mbili na nne alikuwa na watu tisa na jiko la mioto sita nyuma ya maduka. Leseni ilikuwa kwa jina la kaka yake, Ishaq, na viza za wafanyakazi vilevile, maana Ishaq ndiye aliyehangaika na makaratasi tangu mwanzo. Mpishi mkuu alikuwa Maureen, Mkenya kutoka Vihiga, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyekuwa hapo mwaka wa tano. Alikuja hajui kuosha mchele wa biriani. Sasa Muhsina akimwachia funguo na akienda zake bila wasiwasi. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake.

Siku moja ya mwezi wa Mei, baada ya alasiri, Ishaq alikuja na bashasha, akakaa, akamiminiwa kahawa.

"Muhsina, nimekuletea heri."

"Heri gani, kaka?"

"Saeed wa Qantab anamuoza binti yake. Karamu ya mchana, watu mia mbili na hamsini. Alkhamisi ijayo."

"Alkhamisi ijayo nna karamu hapa hapa Al Khoudh, watu mia tatu. Mwambie Ijumaa."

"Siku ya harusi haibadilishwi kwa ajili ya mpishi."

"Basi atafute mpishi mwengine."

Ishaq akaweka kikombe chini. "Nishampa neno langu."

"Umempa neno lako kwa mikono yangu?"

"Nisikilize. Yule ni meneja wa kampuni ya ujenzi. Wanatafuta jiko la kuwapikia wafanyakazi wao chakula cha mchana, kila siku, mwaka hadi mwaka. Anataka kukuonja kwanza. Wewe si ndiye unayesema unataka jiko la pili? Utalipata lini, kwa karamu moja moja?"

Muhsina alimjazia tena kahawa. Jiko la pili alikuwa ameshalichora. Alikuwa ameliona jengo, karibu na bandari ya Matrah, lina mlango mpana wa nyuma, na katika daftari alishapanga wapi pa kuoshea, wapi pa kukatia nyama, wapi gari lingerudi nyuma na kupakia. Miezi minane alikuwa akiuchungulia mchoro ule. Kwa hiyo ni kweli Ishaq alimsukuma, lakini alisukuma mlango uliokwisha kufunguliwa.

"Haya," akasema. "Mara hii tu."

Aliukalia mpango siku mbili. Mioto sita haikutosha kwa karamu mbili asubuhi moja, basi kuku wa Qantab atapikwa Jumatano mchana, apoe, alale kwenye chumba cha baridi, na kesho yake achemshwe upya huko huko. Wali utapikwa Qantab. Yule mtu asiye na kazi akapewa kazi. Na Qantab kwenyewe Muhsina hakwenda kupaona. Kutoka Al Khoudh ni safari ya kuvuka mji mzima na kupanda milima, na wakati haukuwapo. Ishaq alimweleza kwa simu kwamba nyumba ni kubwa, uwanja upo, maji yapo. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa.

Jumatano jioni chumba cha baridi kilijaa nyama ya mbuzi ya karamu ya Al Khoudh. Masufuria sita ya kuku, marefu ya kufika kiunoni, yalibaki sakafuni yakitoa mvuke. Maureen alichovya upawa mpaka chini, akautoa, akaugusa kwa kidole na kukirudisha haraka.

"Madam, hii kuku haiwezi poa ndani ya sufuria kubwa hivi. Juu itapoa, chini itabaki na moto mpaka kesho. Si tuimwage kwa sinia?"

"Sinia zote zishafungwa, zinakwenda ukumbini alfajiri."

"Basi tuombe kwa mtu."

"Kwa nani saa hizi? Acha mlango wazi yapate hewa, kisha uyafunike. Kesho yatachemka upya. Hakuna kijidudu kitakachobaki mle."

"Na tukikosa kuchemsha vizuri?"

"Maureen," alisema Muhsina, naye alikuwa hajakaa tangu asubuhi. "Tutachemsha. Nnajua nnachokifanya."

Alkhamisi Muhsina alibaki Al Khoudh na watu mia tatu. Maureen alikwenda Qantab na wasaidizi wawili na Josphat, dereva, Mkenya mwenzake. Walikuwa wameshafika nusu ya njia walipogundua kwamba majiko ya gesi yamebaki. Siku nyingine yule mtu asiye na kazi angeyakimbiza kwa gari jingine na safari isingesimama. Siku hiyo ilibidi Josphat ageuze gari.

Walifika adhuhuri imekwisha kuadhiniwa. Nyumba ya Saeed ilikuwa chini kabisa, karibu na ufuko, na kichochoro cha kuiendea hakikuingiza pikapu. Masufuria yakabebwa kwa mikono, mawili mawili, juani. Majiko yalikuwa mawili, na upepo wa bahari ukawa unalizima moja kila likiwashwa. Maureen akaanza na wali, kwa kuwa huo ulikuwa mbichi.

Muhsina alikuwa katikati ya ukumbi, sinia zikipita kulia na kushoto kwake, simu ilipolia mfukoni mwa aproni.

"Madam, wali umeiva. Kuku bado. Sufuria mbili zimechemka, nne ziko vuguvugu tu. Nipe nusu saa."

"Wageni wamekaa?"

"Wamekaa kitambo. Mwenye nyumba amekuja hapa mara tatu."

Simu ilikuwa ikitoa mlio wa mtu mwengine anayepiga. Ishaq, bila shaka. Je, Muhsina aliwaza jengo la Matrah? Baadaye alijiuliza sana, asipate jibu. Alichokikumbuka ni joto, na kelele za vijiko, na kwamba alitaka simu ile iishe.

"Pakua."

"Madam…"

"Changanya zilizochemka na zisizochemka, upakue. Wali wa moto utaipasha nyama."

Karamu ya Qantab ilisifiwa. Saeed alimpigia Ishaq kumshukuru, Ishaq akampigia dada yake. Alasiri ile Muhsina alijilaza na viatu miguuni, akalala kama mtu aliyevuka mto.

Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini, Ishaq aliingia bila kutoa salamu.

"Watu wanaumwa," alisema. "Wa Qantab. Tangu jana jioni wanatapika na kuharisha. Sitini wako hospitali, labda zaidi. Bibi harusi mwenyewe ametundikiwa dripu."

"Na wa hapa?"

"Wa hapa hawana kitu."

Muhsina alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokigusa. Hakuhitaji kuuliza zaidi, machoni aliona zile sufuria nne vuguvugu tu.

Jumamosi asubuhi akafa mama mzazi wa Saeed. Alikuwa bibi wa miaka themanini, aliyekuwa akiomba Mungu amfikishe kumwona mjukuu wake anaolewa. Wajukuu walikuwa wamemchambulia nyama laini ya paja kwa vidole vyao, wakamlisha.

Mchana wake afisa wa afya alikuja jikoni na wasaidizi wawili. Kabla hajaingia ndani, Ishaq alimvuta dada yake kando, nyuma ya mitungi ya gesi.

"Wewe ulikuwa Al Khoudh," alinong'ona. "Qantab hukuwapo. Aliyekuwapo ni Maureen. Sikwambii useme uongo, nakwambia unyamaze. Leseni jina langu, jiko likifungwa watu tisa wanapakiwa ndege. Unataka hivyo?"

Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye nadhari. Alipima masufuria kwa mkono wake, akaingia chumba cha baridi akatoka, akauliza kuku walilala wapi. Kisha akasimama mbele ya sinki, akaisoma ile karatasi ya mambo matatu, mstari kwa mstari, kwa sauti.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," alisema Muhsina.

"Kumbe mlikuwa mnajua," alisema afisa, akaandika kitu.

Akamtaka mpishi aliyesimamia Qantab. Maureen alikuja, mikono ameikunja mbele ya aproni. Alianza kwa Kiingereza, afisa akatikisa kichwa, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na namba. Akamgeukia Muhsina. "Wewe unasema lugha yao. Nitafsirie. Muulize kwa nini alitoa chakula kisichochemka."

Kunyamaza kukawa hakutoshi tena.

"Anauliza kwa nini umetoa chakula hakijachemka," alisema Muhsina.

Maureen alimtazama usoni. "Mwambie nilikupigia simu. Mwambie niliomba nusu saa, na wewe ukaniambia nipakue."

Ishaq alikuwa amesimama mlangoni. Nje wafanyakazi wanne wa jikoni walikuwa wamejipanga ukutani wakisubiri. Muhsina alifungua mdomo, na Kiarabu kilichotoka kilikuwa laini, sauti yake ile ile ya kupangia kazi.

"Anasema alidhani kimeshapata moto."

Miaka mitano ya jikoni ilikuwa imemfundisha Maureen Kiarabu cha kutosha. Moto, baridi, chumvi, haraka. Alilisikia neno la moto likipita.

"Madam," alisema polepole, "mimi sijasema hivyo."

"Anasemaje?" aliuliza afisa.

Na hapo Muhsina alipata nafasi ya pili, nafasi kamili, mlango wazi kabisa.

"Anaomba msamaha," alisema.

Afisa aliinamisha kichwa kwa huruma, akaandika. Maureen aliletewa karatasi ya Kiarabu akatia saini, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa akimngojea atie saini.

Saeed aliwaambia wakubwa wa serikali kwamba hataki mahakama, mauti yameandikwa. Alichotaka ni yule mpishi asibaki nchini. Ishaq alikwenda kufuta viza mwenyewe, na Jumatano Maureen akapelekwa uwanja wa ndege wa Seeb na sanduku moja. Muhsina alikuwa jikoni. Alimsikia akishuka ngazi za chumba cha wafanyakazi, akasikia mlango wa gari. Hakutoka.

Josphat, aliyempeleka, aliporudi aliweka funguo za gari juu ya meza ya kukatia nyama, asiondoke.

"Madam, ile siku nilikuwa nimeshika sufuria kando yake. Nilisikia akikupigia. Nilisikia yote."

Muhsina alizivuta zile funguo kwake.

"Sikusema," Josphat aliendelea, "juu viza yangu pia iko kwa Bwana Ishaq. Nina watoto watatu Busia. Lakini nataka ujue tuko wawili tunaojua. Si wewe peke yako."

Siku mbili Muhsina alizunguka nyumbani hawezi kula. Ya tatu alikodi teksi mpaka Qantab. Mke wa Saeed alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea kahawa na tende, maana hakujua kuwa ndiye mwenye jiko. Muhsina hakugusa. Alisema jina lake, akaeleza habari tangu masufuria ya Jumatano hadi tafsiri ya Jumamosi, bila kujipamba.

Mwanamke yule aliliweka chini buli la kahawa.

"Kwa nini unaniambia mimi?" alisema. "Yule Mkenya nimemlaani kila sala. Nimemlaani kwa jina lake. Sasa nifanyeje, nizirudishe vipi laana zangu?"

"Nilaani mimi."

"Ondoka nyumbani kwangu," alisema yule mama, wala hakupandisha sauti.

Kutoka Qantab alikwenda moja kwa moja kwa afisa wa afya, akaandikisha maelezo mapya. Kijana yule aliacha kuandika katikati, akamwuliza, "Na lile neno la mwisho? Hakuomba msamaha?" Muhsina akasema hapana. Afisa alimwangalia kwa namna ambayo Muhsina hakuisahau.

Mambo yakaenda kama Ishaq alivyosema. Jiko lilifungwa kwa lakiri ya serikali, leseni ikafutwa. Mahakama ilimwona Muhsina ana hatia ya uzembe, ikampa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa na kumkataza asifungue tena biashara ya chakula. Ishaq alihojiwa kwa wiki nzima, na kutoka siku ile hakumwamkia dada yake, hata kwenye maziko ya shangazi yao walisimama upande huu na upande ule. Wafanyakazi wawili walipata mwajiri mwengine. Sita walirudishwa makwao, na Josphat alikuwa mmoja wao. Alipokuja kuaga alisema, "Ulifanya sawa, Madam," lakini alisema akitazama sanduku lake.

Nakala ya maelezo mapya Muhsina aliituma kwa wakala wa Nairobi aliyemleta Maureen, na nyingine kwa Maureen mwenyewe, pamoja na barua. Wakala alijibu kwamba jina likishaingia kwenye orodha ya waliorudishwa, wao hawana uwezo wa kulitoa. Muhsina akapiga simu Vihiga. Mara nne aliipokea dada yake Maureen, Velma, na mara nne Velma akasema, kwa adabu, kwamba Maureen hataki kuongea.

Mara ya tano, karibu mwaka umepita, akapokea Maureen mwenyewe.

"Madam."

"Maureen, mwanangu. Hujambo?"

"Niko sawa. Napikia watoto wa shule ya msingi. Mia nne na kitu, uji na githeri, ile ya mahindi na maharagwe." Akasita. "Barua yako nilipata. Velma alinisomea."

"Nilitaka ujue nimesema ukweli."

"Najua. Lakini Oman siendi tena, na hapa watu walishasikia nilirudishwa juu niliua mtu. Hiyo barua nimeonyesha pastor, nimeonyesha mwalimu mkuu. Siwezi onyesha kila mtu."

Muhsina alihamishia simu sikio la pili.

"Nikuulize kitu," Maureen akasema. "Ile ya kwanza niliielewa. Ulisema nilidhani ni moto. Lakini nikakuambia sijasema hivyo, na yule afisa akakuuliza, ukamjibu. Hiyo sikuelewa. Akaniangalia kama ananionea huruma. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unaomba msamaha."

Upande wa pili Muhsina alisikia watoto wakipiga kelele, na bati likigongwa.

"Haya," alisema Maureen. "Wacha niende, uji unamwagika."

Simu ikakatika. Muhsina aliiweka juu ya kitanda, akakaa kando yake mpaka binti wa jirani alipokuja kuuliza kama amekula.